Mpangilio wa witiri na shufwa katika tatizo la Collatz

Chukua namba nzima yoyote kuanzia 1. Ikiwa shufwa, igawe kwa 2. Ikiwa witiri, izidishe kwa 3, ongeza 1, kisha gawa kwa 2. Rudia. Inadhaniwa kuwa kila namba hatimaye hufika 1, lakini hakuna aliyethibitisha; hilo ndilo tatizo la Collatz.

Njia nzuri ya kuichunguza safari hiyo ni kuandika 1 kila unapokuta witiri na 0 kila unapokuta shufwa. Namba 7 hupita 11, 17, 26, 13, 20, 10 hadi 5, kwa hiyo mpangilio wake ni 1110100: hatua saba, nne kati yake za witiri. Uzuri wake ni huu: hatua k za mwanzo huamuliwa na baki tu, pale namba inapogawiwa kwa 2ᵏ. Kwa kuwa 2⁷ ni 128, namba 135 hufuata mpangilio uleule na kufika 86. Kwa jumla, 7 + 128j huwa 5 + 81j, ambapo 81 ni 3⁴. Hesabu moja tu, na namba zisizo na idadi zimeshuka chini ya zilikoanzia.

Mwaka 1976 mwanahisabati Riho Terras alionyesha kuwa kila mpangilio wa urefu k hutokea kwa baki moja tu, hakuna unaokosekana wala kurudiwa. Kwa hiyo witiri na shufwa hugawana nusu kwa nusu, na kwa wastani kila hatua huizidisha namba kwa takriban 0.866. Karibu namba zote, basi, hushuka chini ya zilikoanzia.

“Karibu zote” ndipo penye tatizo. Namba 2ᵏ − 1 hupanda hatua k mfululizo hadi 3ᵏ − 1, na 27 huhitaji hatua 59 ndipo ishuke chini ya 27. Tena, ikishashuka, namba huangukia kwenye kundi dogo, kama lile la 5 + 81j, na takwimu za mwanzo hazisemi lolote kuhusu kundi hilo. Ugumu huu ndio mwanahisabati Terence Tao alioukabili mwaka 2019 kwa kuchunguza mabaki ya kugawa kwa vipeo vya 3 (3, 9, 27 na kuendelea), akathibitisha kuwa karibu namba zote hushuka chini ya kiwango chochote kinachokua bila kikomo pamoja na namba ya mwanzo, hata kikikua polepole kiasi gani. Naye hakufika “zote”.

Ukiletewa uthibitisho unaotegemea mabaki ya 2ᵏ peke yake, ujaribu kwa namba hasi. Kanuni ya mabaki hufanya kazi huko vilevile, ila −5 huenda −7, kisha −10, kisha hurudi −5, ikizunguka bila mwisho; kwa hiyo mabaki ya 2ᵏ peke yake hayatoshi.