Tasnifu ikiwekwa wazi mtandaoni, hakimiliki bado ni yako

Kila msimu wa kuwasilisha tasnifu, dawati la hakimiliki la maktaba yetu hapa Mbeya hupokea malalamiko ya aina tatu. Mhitimu anataka kazi yake iondolewe kwenye hifadhi ya kidijitali ya chuo kwa hofu ya kuibiwa. Mhadhiri ametumiwa barua pepe na mchapishaji wa nje akitakiwa kuiondoa mtandaoni makala aliyoiandika mwenyewe. Mwanafunzi naye amekuta utafiti wa mwenzake ukiuzwa kwa flashi kwenye steshenari jirani na chuo, ukurasa wa kwanza umebadilishwa jina. Malalamiko haya yameongezeka, na mengi yanatokana na dhana moja: kwamba kazi ikiwekwa huria, yaani wazi kwa yeyote kuisoma bila malipo, basi haina tena mwenyewe. Ufafanuzi huu ni elimu kwa umma. Mwenye shauri mahususi bado atahitaji mwanasheria.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Na. 7 ya mwaka 1999, inayotumika Tanzania Bara (Zanzibar ina sheria yake), inailinda kazi tangu inapoandikwa. Huhitaji muhuri wa mtu yeyote ili uwe mwenye haki. Kusajili COSOTA, taasisi ya serikali inayoshughulikia hakimiliki, kunakupa ushahidi mzuri ukifika kwenye mgogoro, na tunashauri ufanye hivyo, lakini si usajili unaoizaa haki. Ulinzi hudumu maisha yote ya mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake. Ni sawa na shamba lenye hati: mwenye hati akiwaruhusu majirani wapite kwenda mtoni, hati inabaki na jina lake.

Jambo ambalo inabidi tulirudie kila mwaka ni hili: sheria hulinda namna ulivyoandika, hailindi mada. Kuna wanaofika dawatini wakidai mwenzao "ameiba mada" kwa sababu naye ameandika juu ya ukungu wa viazi mviringo Njombe. Mada hiyo ni ya kila mtu, na kadiri inavyotafitiwa na wengi ndivyo wakulima wanavyonufaika. Kosa ni kuchukua aya zako, majedwali yako na picha zako bila kukutaja, na hapo ndipo kuwa wazi mtandaoni kunapokusaidia. Tasnifu iliyo kwenye hifadhi ya chuo ina tarehe, ina jina lako, na programu za kukagua wizi wa kitaaluma zinaiona. Iliyofungiwa kabatini inaweza kunakiliwa kuanzia shukrani hadi viambatisho, na hakuna atakayegundua. Ukiiondoa mtandaoni kwa kuogopa kuibiwa, unaondoa kinga uliyokuwa nayo.

Ufikiaji huria wenyewe ni uamuzi wa mwenye haki. Tamko la Budapest la tarehe 14 Februari 2002, ambalo ndilo msingi wa mambo haya, liliruhusu watu kusoma, kupakua, kunakili na kusambaza kazi, na likambakizia mwandishi haki ya kutambuliwa, kutajwa ipasavyo na kazi yake isiharibiwe. Mwishoni mwa mwaka huohuo zikatoka leseni za Creative Commons, ambazo leo ndizo zinazotumika zaidi. Leseni ya CC BY inaruhusu karibu kila matumizi, hata ya biashara, mradi utajwe. Ikiongezwa NC, biashara hairuhusiwi. Ikiongezwa ND, mtu anaweza kuisambaza kazi kama ilivyo, ila haruhusiwi kusambaza toleo alilolifanyia mabadiliko, tafsiri ikiwemo. Mwenye kutafiti masuala ya wakulima afikirie mara mbili kabla ya kuweka ND, maana anamzuia afisa ugani kuyageuza matokeo hayo kuwa kipeperushi cha Kiswahili. Zingatia pia kwamba leseni hizi hazirudishwi nyuma: aliyeipata kazi chini ya CC BY ataendelea kuitumia hivyo hata ukibadili mawazo mwakani.

Kwa nini tunasisitiza ufikiaji huria? Nyanda za Juu Kusini ni eneo linalotafitiwa sana. Kuna TARI Uyole, kituo cha utafiti wa kilimo, kwa mahindi, maharage na viazi, kuna kituo cha NIMR, taasisi ya utafiti wa tiba, hapa jijini kwa kifua kikuu na VVU, na vyuo vikuu vimetapakaa Mbeya na Iringa. Sehemu kubwa ya kazi hii inafanywa na taasisi za umma, na wakulima ndio wanaotoa mashamba yao na muda wao kujibu dodoso. Kisha makala hutoka katika jarida la nje, na afisa ugani wa Makete akitaka kuisoma anaombwa dola 30 au zaidi kwa makala moja. Mimi naliona hilo kuwa dhuluma, na sioni sababu ya kulisema kwa upole. Mwezi Novemba 2021, nchi wanachama wa UNESCO zilipitisha Pendekezo la Sayansi Huria zikitaka maarifa ya aina hii yafikiwe na wote. Lakini pendekezo la kimataifa halifui dafu mbele ya fomu ambayo mtafiti ameisaini bila kuisoma.

Tuje basi kwenye fomu, kwa kuwa hapa ndipo wahadhiri wetu wanapoumia. Makala ikikubaliwa na jarida la kawaida, mchapishaji hutuma fomu ya kuhamisha hakimiliki. Haki za kiuchumi, kama za kunakili, kusambaza na kuuza, huhamishwa kwa maandishi, na saini yako ndiyo inayozihamisha. Kuanzia hapo mwenye haki ni mchapishaji, na wewe uliyelala Usangu wiki nzima ukipima maji unakuwa mtumiaji kama wengine. Ndiyo maana barua pepe ya kukutaka uondoe faili mtandaoni ni halali, hata kama inauma.

Njia ya kisheria ipo, nayo inahitaji utofautishe matoleo matatu. La kwanza ni rasimu uliyoituma kabla ya wahakiki kuigusa. La pili ni toleo lililokubaliwa, yaani maneno yako ya mwisho baada ya kujibu wahakiki, likiwa bado kwenye faili lako la kawaida. La tatu ni PDF iliyopangwa na jarida, yenye nembo na namba za kurasa. Wachapishaji wengi wakubwa huruhusu toleo la pili liwekwe kwenye hifadhi ya chuo, mara nyingi baada ya kipindi cha zuio, yaani muda ambao faili halifunguliwi kwa umma, cha miezi 6, 12 au 24. Toleo la tatu hawaliruhusu, na hilo ndilo ambalo watu hulipandisha. Angalia sera ya jarida lako kwenye hifadhidata ya Jisc ya Uingereza, iliyozoeleka kwa jina la Sherpa Romeo, haina malipo. Halafu tuletee mkutubi wa dawati vitu vinne: toleo lililokubaliwa, barua ya kukubaliwa, nakala ya fomu uliyosaini, na tarehe ya kuchapishwa. Zuio likiwepo, tutaliingiza kwenye mfumo na faili litafunguka lenyewe siku ikifika. Tafadhali usifute toleo la pili ukishaona makala imetoka. Mara kwa mara tunaletewa PDF ya jarida peke yake, na hapo hatuna la kufanya.

Wapo wanaoamini kwamba huria maana yake lazima ulipe. Si kweli, ingawa ada zipo na nyingine zinatisha: jarida la Nature lilipotangaza ada yake mwishoni mwa 2020, ilikuwa euro 9,500 kwa makala moja. Njia ya hifadhi ya chuo haina ada hata senti. Majarida mengi huria pia hupunguza au kufuta ada kwa waandishi kutoka nchi kama yetu, ila ombi hupelekwa wakati wa kutuma makala. Ukisubiri ikubaliwe ndipo uombe, mara nyingi utakuwa umechelewa. Yapo na majarida laghai yanayokuahidi uhakiki wa siku chache kisha yanadai pesa. Kabla ya kutuma chochote, litafute jarida kwenye DOAJ, orodha ya mtandaoni ya majarida huria, na kwa majarida ya Afrika pitia AJOL, tovuti inayoyakusanya.

Kwa upande wa kusoma, taasisi nyingi za mikoani zinajinyima bila sababu. Mpango wa Research4Life, wenye Hinari kwa afya tangu 2002 na AGORA kwa kilimo tangu 2003, hutoa maelfu ya majarida, na Tanzania imo kwenye kundi la nchi zisizolipia. Anayejisajili ni taasisi: hospitali, kituo cha utafiti, ofisi ya serikali, kituo cha ugani, asasi ya ndani. Mtu mmoja mmoja hapokelewi, kwa hiyo mkuu wa kitengo ndiye anayepaswa kuanzisha ombi. Wanafunzi hutuuliza kuhusu Sci-Hub, tovuti inayotoa makala za kulipia bila idhini ya wachapishaji. Mahakama ya New York iliamua mwaka 2017 kwamba kampuni ya uchapishaji ya Elsevier ilipwe dola milioni 15 kwa ukiukaji wa hakimiliki uliofanywa na tovuti hiyo na nyingine. Maktaba haiwezi kukuelekeza huko. Weka kiendelezi cha Unpaywall kwenye kivinjari chako, kitakuonyesha kama ipo nakala halali ya bure. Ikishindikana, mwandikie mwandishi. Wengi hujibu, na wengine hufurahi kusomwa.

Sasa steshenari. Sheria inaruhusu kunakili kwa matumizi yako binafsi, kunukuu kwa kutaja chanzo, na kutumia sehemu ya kazi kufundishia, kwa mipaka yake. Haimruhusu mwenye duka kuweka tasnifu 200 kwenye kompyuta na kuuza softi kopi kwa bei ya soda. Kukiuka hakimiliki kwa makusudi na kwa faida ni kosa la jinai, lenye faini, kifungo, au vyote viwili. Mbali na jinai, mwenye haki anaweza kudai fidia na kuiomba mahakama iamuru nakala ziteketezwe. Anayenunua na kuwasilisha kama yake huangukia kanuni za chuo: kufelishwa, kusimamishwa, na hata kufutiwa shahada miaka mingi baada ya mahafali. Utetezi wa "kila mtu anafanya" haumsaidii muuzaji wala mnunuzi.

Ukikuta kazi yako inauzwa, usimnyang'anye mtu flashi wala kumrekodi kwa ugomvi. Nunua nakala moja na udai risiti. Andika tarehe, mahali na maelezo ya duka. Leta vitu hivyo maktabani pamoja na kiungo cha tasnifu yako kwenye hifadhi, tutakupa barua inayothibitisha tarehe ya kupokelewa. Kwa barua hiyo utakwenda COSOTA au polisi. Ukija mikono mitupu na maneno "nimesikia", jalada halifunguki.

Zipo kazi ambazo kweli zinapaswa kusubiri, na hapo tunakubaliana na mhitimu. Kama umebuni kifaa unachotaka kukiombea hataza, yaani haki ya mvumbuzi, kwa BRELA, wakala wa serikali anayezisajili, kuweka maelezo yake wazi kabla ya ombi kunaweza kukukosesha sifa ya upya ambayo sheria ya hataza inaidai. Aina mpya ya mbegu ina taratibu zake chini ya Sheria ya Haki za Wagunduzi wa Mbegu za Mimea ya 2012. Tasnifu yenye taarifa zinazoweza kuwatambulisha wagonjwa au wahojiwa nayo lazima isafishwe kwanza. Katika hali zote hizi jaza fomu ya zuio, isainiwe na msimamizi wako, na ifike maktabani kabla ya nakala laini ya mwisho. Ombi linaloletwa baada ya faili kufunguliwa tunalipokea na kulifanyia kazi, lakini nakala ambazo watu wameshapakua hatuwezi kuzirudisha.