Je, wajua kwa nini seli ya jua yenye bei ya kito inaweza kutoa umeme nafuu?

Ziko seli za jua ambazo ukitajiwa bei yake utaona heri uzifungie sandukuni pamoja na pete za dhahabu. Hazina uhusiano na silikoni ya paneli za kawaida. Ni tabaka nyembamba za galiamu, indiamu na wenzao, kila tabaka likinasa rangi zake za mwanga. Mwaka 2022 taasisi ya Fraunhofer ISE ya Ujerumani ilitangaza seli ya aina hiyo iliyogeuza asilimia 47.6 ya mwanga kuwa umeme. Paneli nzuri ya silikoni huchezea asilimia 20 na ushee.

Ujanja wake ni kutumia seli kidogo na lenzi kubwa. Chukua lenzi zenye eneo la mita moja ya mraba, zinazokusanya mwanga mara 500. Mita hiyo ni sentimita za mraba 10,000. Gawanya kwa 500, unabaki na 20, yaani kama upande mpana wa kiberiti. Tuseme seli inauzwa dola 10 kwa sentimita ya mraba. Kufunika mita nzima kungekugharimu dola 100,000. Kwa lenzi, dola 200. Jua kali huleta takriban wati 1,000 kwenye mita hiyo, na mtambo wenye ufanisi wa asilimia 30 utakupa wati 300. Seli imekula senti 67 hivi kwa kila wati.

Wengi hufunga daftari hapo, na hapo ndipo hesabu huharibika.

Umewahi kuunguza karatasi kwa lenzi? Mkono ukitetereka kidogo tu, kale kadoa ka mwanga kanahama. Basi mtambo mzima lazima ulifuate jua kutwa, ukizunguka na kuinama, bila kukosea hata nyuzi moja. Hiyo maana yake ni mota, chuma kizito na msingi wa zege usioyumba upepo ukivuma. Ongeza vipoza joto, inveta na mafundi. Pesa uliyookoa kwenye seli imehamia kwenye chuma.

Kisha kuna wingu. Lenzi haiwezi kukusanya mwanga uliotawanyika angani. Inataka miale inyooke kutoka kwenye jua lenyewe. Anayekadiria kwa takwimu za mwanga wote wa mahali fulani anajidanganya. Penye kilowati-saa 2,500 za miale ya moja kwa moja kwa mita ya mraba kwa mwaka, na penye 1,500, mtambo ni uleule na gharama ni ileile, lakini uniti ya umeme pa pili inapanda bei kwa theluthi mbili.

Riba nayo si ya kupuuza, maana umeme wa miaka 25 unaulipia karibu wote siku ya kwanza. Mkopo wa dola 1,000 kwa miaka hiyo hurejeshwa kwa dola 71 hivi kila mwaka riba ikiwa asilimia 5. Ikiwa 10, ni dola 110. Na benki hutoza zaidi teknolojia isiyoizoea.

Touwsrivier, Afrika Kusini, mtambo wa aina hii wa megawati 44 ulijengwa kwa teknolojia ya Soitec ya Ufaransa. Mwaka 2015 kampuni hiyo ilitangaza kujitoa kwenye biashara ya sola. Lenzi zake zilifanya kazi. Ila wakati huo silikoni ilikuwa imeshuka bei mno.