Lepadi geko si mjusi kafiri: yale tunayoambiwa Malindi na ukweli wake

Kila mgeni akiingia sebuleni kwetu hapa Shela ya Malindi akaona lile tanki la kioo, swali ni lile lile, "mwafuga mjusi?!" Kisha yafuata maneno, ana sumu, ataleta ukoma, mtoeni nje, jua si ni la bure. Nimeyasikia miaka minne sasa, tangu kaka yangu aachiwe huyu lepadi geko, yaani geko chui, aina ya mjusi wa kufugwa, na familia aliyokuwa akiifanyia kazi walipohama, na vibali vyake vyote, mimi ndo nikabaki nae manake kaka yuko safarini kila saa. Mengi ya hayo maneno nilikuwa nayaamini mwenyewe na nusura yamuue huyu mnyama, kwa hivo nimeona niyaandike.

"Si ni mjusi tu kama wale wa ukutani"

Hapana. Yule wa ukutani, mjusi kafiri, hana kope, macho yako wazi maisha yake yote na huyasafisha kwa ulimi, halafu vidole vyake vinanata ndo maana anatembea darini kichwa chini. Geko chui ana kope, analala amefumba macho kama mtoto mchanga, na vidoleni ana kucha tu, kioo hawezi kukipanda. Kwao ni nchi kavu ya mawe mawe, Afghanistan, Pakistan na kaskazini magharibi mwa India. Kwa hivo anayemuwekea tanki refu lililosimama kama kabati anamtesa bure, huyu anataka sakafu pana, angalau senti mita 90 kwa 45 kwa mkubwa mmoja, na maficho mawili matatu ya kujificha mchana manake yeye hutoka jioni jua likizama na alfajiri.

"Malindi kuna joto, hahitaji kitu"

Hapa ndo wengi tunaharibu, na hapa nataka msome polepole. Mjusi mwili wake haujitengenezei joto, analitafuta, akizidiwa anakimbilia penye ubaridi. Maana yake si kwamba anataka joto kila mahali, anataka kuchagua. Upande mmoja wa tanki uwe nyuzi 31 mpaka 33 pale anapolalia, upande wa pili nyuzi 24 mpaka 26. Maelezo mengi ya ufugaji yameandikwa na watu wa nchi za baridi, wao shida yao ni kupasha, kwa hivo utasoma taa, mkeka wa joto, taa tena. Sisi hapa shida yetu kuu imegeuka, ni kupata huo upande wa pili. Kaskazi ikikolea mwezi wa tatu, nyumba ya mabati saa nane mchana ndani ni tanuri, tanki zima limekuwa upande wa joto na mnyama hana pa kukimbilia.

Mwaka wa kwanza nilimtoa barazani saa nne asubuhi apate jua, nikaingia ndani kupika chai. Niliporudi alikuwa amejibana kwenye kona, mdomo wazi, anahema. Kioo kikipigwa na jua joto halitoki, linarundikana humo humo, dakika chache tu zatosha. Nilimshika mikono inanitetemeka, nikamhamishia chumba cha chini chenye sakafu ya saruji na wallahi nilikaa nae mpaka adhuhuri. Tangu siku hiyo tanki liko mbali na dirisha, na siku za joto kali naweka chupa ya maji yaliyoganda, nimeifunga kitambaa, nje ya kioo upande wa baridi. Mkeka wa joto ninao, uko chini ya theluthi moja ya tanki na una themostati, kile kifaa cha kudhibiti joto, bila themostati usiuwashe manake unaweza kumuunguza tumbo. Kusi ikivuma na usiku ukashuka mpaka nyuzi 22 simuhofii, usiku hata kwao kunapoa.

Halafu kuna unyevu, huu hakuna anayeutaja. Yeye anataka hewa ya asilimia 30 mpaka 40 hivi na sisi tunaishi kando ya bahari, asilimia 70 na 80 ni kawaida, nguo ukiikunja kabatini mwezi wa tano yaota ukungu. Ngozi yake nayo yaweza kuota maradhi, na mapafu. Kwa hivo mfuniko wangu si kioo, ni wavu wa dirishani, na chumba kina feni, si ya kumpiga yeye bali hewa izunguke tu. Lakini usije ukakausha kila kitu, lazima awe na kijumba kimoja chenye unyevu kwa ajili ya kujivua ngozi. Mimi natumia kopo la aiskrimu nililolitoboa mlango, ndani tishu zilizoloweshwa, nazibadilisha kila baada ya siku mbili. Ngozi ikibaki imebana vidoleni inakata damu na kidole kinakatika, kwa hivo kila akijivua naviangalia kimoja kimoja.

"Mwekee mchanga, si yeye ni wa jangwani"

Tena watu hutaka ule wa ufuoni kwa sababu uko karibu na ni bure. Ule una chumvi, na mchanga wowote mtupu anaumeza pamoja na mdudu, unamkwama tumboni, hasa akiwa mdogo. Mimi nimetandika tailisi zilizobaki fundi alipomaliza choo. Zinasafishika, zinabaki baridi, na kucha zake zinajisugua hapo. Juu yake mawe na vigae vya chungu kilichovunjika, vimekaa imara visimwangukie.

"Anakula chochote"

Shangazi alimpa papai, kwa upendo kabisa. Huyu ni mla wadudu tu, wali, mkate, matunda, mboga, hapana. Na si mende wa jikoni ati kwa vile wamejaa, hao wengi wameshapuliziwa dawa na sumu itaingia kwake. Nafuga nyenje wangu kwenye beseni lenye trei za mayai, nawalisha mchicha na karoti siku moja kabla, kisha nawapaka unga wa kalsiamu ndo nampa. Huo unga usiupuuze, bila kalsiamu na vitamini D3 mifupa yake inalainika, taya linalegea, miguu inapinda na haitanyooka tena. Mdudu asizidi upana ulio kati ya macho yake. Mdogo anakula kila siku, mkubwa kila baada ya siku mbili tatu, na maji safi kila siku, si ya kisima cha chumvi.

"Ana sumu, ataleta ukoma"

Sumu hana. Mijusi wenye sumu ya kuogopwa kama yule wa Gila wako huko Marekani na Mexico. Ukitaka kuona sumu yenyewe nenda Watamu kwa wale wa Bio-Ken, wako na nyoka tangu 1980, mtajua tofauti. Ukoma unaletwa na bakteria na huambukizwa na binadamu mgonjwa aliyekaa na mwenzake muda mrefu, si mjusi. Habari za mjusi kupuliza moto wa Nabii Ibrahim tumezikuta kwa wazee, hayo ya dini waulizwe mashekhe, mimi naongea ya afya. Na kwenye afya kuna jambo moja la kweli: mijusi hubeba salmonela, bakteria wa kuharisha. Osha mikono kwa sabuni kila ukimshika, vyombo vyake visioshwe kwenye sinki la vyombo vya kula, na watoto chini ya miaka mitano wasimguse.

"Ana upweke, mtafutieni mwenzake"

Hana. Madume wawili watararuana, na hata majike hunyimana chakula. Mmoja tanki moja.

Mkia nao msimshike. Umenenepa manake ndo ghala lake la mafuta, akiogopa anauacha, unaota mwingine lakini mfupi na wa bonge. Ukiona mkia unakonda, mnyama anaumwa. Na daktari wa kumtibu hapa ni shida kumpata, punda wa Lamu wana kliniki yao tangu 1987, geko hana, ndo maana nampima kila Jumapili kwa mizani ya jikoni niliyomtengea yeye peke yake. Jumapili iliyopita alikuwa gramu 64.

"Mkichoka nae mwachilieni, si kuna msitu"

Hili huniumiza. Msitu wa Arabuko-Sokoke si kwao, atakufa au atawapelekea mijusi wa pale maradhi wasiyoyajua. Na huyu anaishi miaka 15 mpaka 20, wa kwetu ana sita. Kama huwezi, nenda ofisi za KWS, wale wa serikali wanaosimamia wanyamapori, pale Casuarina uwaulize kabla hujampa mtu yeyote, na pia kabla hujaleta mwingine, manake kumfuga au kumwingiza nchini bila kibali ni kosa.