Kwa nini watu huhamia mji huu na si ule

Kwenye madodoso mengi ya utafiti wa uhamaji kuna swali ambalo limenisumbua tangu nianze kazi hii: "Sababu kuu ya kuhamia hapa ni ipi?" Chini yake kuna visanduku: kazi, masomo, ndoa, kufuata familia, nyinginezo. Msaili anauliza, mtu anajibu "nimekuja kutafuta maisha", msaili anatia alama kwenye kazi na kufungua ukurasa unaofuata. Baadaye sisi tunaochambua takwimu tunasimama mbele ya wakurugenzi wa halmashauri na kuwaambia kwamba watu wanahama kwa sababu ya kazi.

Jibu hilo si la uongo. Ila linaeleza kwa nini mtu ameondoka kwao, halielezi kwa nini ameshukia hapa. Kijana wa Kondoa anayetaka kibarua angeweza kwenda Arusha, Dodoma, Babati, Dar es Salaam au machimbo ya Mirerani. Kote huko kuna vibarua. Kwa nini akachagua Dodoma, na ndani ya Dodoma akachagua mtaa ule? Mtu anayepanga maji, shule na barabara za mji anahitaji zaidi jibu la swali hili la pili, na ndilo tunaloliuliza mara chache.

Wachumi wana maelezo yao kuhusu kuondoka, tena maelezo yaliyotokana na hali ya Afrika Mashariki. Mwaka 1970 John Harris na Michael Todaro waliandika kwamba mtu hapimi mshahara wa mjini peke yake, anaupima pamoja na uwezekano wa kuupata. Tuseme shamba linamwingizia shilingi 100,000 kwa mwezi, na mjini kuna kazi ya 300,000 ambayo anaipata mmoja kati ya kila watu wawili wanaoitafuta. Kwa hesabu yake mjini ni 150,000, na bado panalipa kuliko shamba, ingawa anajua anaweza kukaa muda mrefu akizunguka bila kitu. Ndiyo maana kuongeza ajira mjini peke yake hakupunguzi wasio na kazi. Kenya waliliona hilo mwaka 1964, pale serikali, waajiri na vyama vya wafanyakazi walipokubaliana kuongeza nafasi za kazi: habari zilisambaa, na watu wakamiminika mjini kuzifuata.

Huku kwetu Tanzania tulijaribu njia nyingine. Sheria ya Nguvu Kazi ya mwaka 1983 iliwakamata watu wa Dar es Salaam walioonekana hawana kazi na kuwarudisha mashambani. Wengi walirudi mjini. Walirudi kwa sababu kile kilichowaleta mara ya kwanza kilikuwa bado kipo palepale, na kilichowaleta hakikuwa mshahara tu. Walikuwa na watu wao kule.

Hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo.

Nilizungumza na mama mmoja fundi cherehani pale Nkuhungu, Dodoma. Kwao ni Manyoni. Kwenye dodoso angeingia kisanduku cha kazi bila ubishi, maana anashona sare za shule na ana wateja wa kutosha. Lakini tulipoweka dodoso pembeni, hadithi ilianza na binti wa shangazi yake, aliyekuwa akifanya kazi za ndani kwa mtumishi mmoja Ilazo. Huyo binti ndiye aliyempigia simu kumwambia kuna fundi amehama na kuacha fremu. Mama yule akapanda basi, cherehani ikiwa kwenye buti imezungushiwa gunia. Akalala kwa rafiki wa binamu yake. Binamu akaenda naye kwa mwenye fremu, akamdhamini kwa mdomo, na mwenye fremu akakubali kuchukua kodi mwezi kwa mwezi.

Jambo hilo la mwisho linaonekana dogo, lakini lifanyie hesabu. Chumba cha 40,000 kwa mwezi, mwenye nyumba anataka miezi sita: 240,000. Dalali anataka kodi ya mwezi mmoja: 40,000. Hapo hujanunua godoro, ndoo wala jiko la mkaa. Mgeni asiye na mtu anahitaji zaidi ya laki tatu kabla hajaingiza shilingi moja, na kwa familia inayoishi kwa mtama na kuku wachache, laki tatu taslimu ni kuuza ng'ombe. Mwenye ndugu mjini anahitaji nauli tu. Kwa hiyo umbali halisi kati ya kijiji na mji haupimwi kwa kilomita, unapimwa kwa kuwepo au kutokuwepo kwa mtu wa kukupokea. Kwa mama yule, Dodoma ilikuwa karibu na Singida mjini ilikuwa mbali, ingawa zote ziko barabara moja.

Mwenyeji hatoi malazi tu. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na mijini jembe hilo hutolewa kweli: baada ya siku chache mwenyeji mwenyewe anahangaika kukutafutia kazi, kwa sababu chumba ni kimoja na unga unaisha. Anakutafutia wapi? Anakojua yeye. Kama ni kondakta, utaanza kupiga debe stendi. Kama anauza mitumba, utabeba marobota. Ndiyo maana watu wa sehemu moja huishia kwenye biashara moja na mitaa ya jirani. Wakinga wa Makete na Wapemba walioko Kariakoo hawakukutana pale kwa bahati. Kila aliyetangulia alimvuta mdogo wake, na mdogo wake akamvuta shemeji. Mtu akiniuliza mji gani utakua miaka kumi ijayo, kabla sijatazama viwanda natazama nani tayari yuko pale na kwao ni wapi.

Familia nayo ina hesabu yake. Kijana anapoondoka, mara nyingi hakuamua peke yake. Nyumba imeamua kumtoa mmoja. Mvua ikigoma, mshahara wa mjini haujali mvua. Biashara ya mjini ikianguka, gunia la mahindi linatumwa kwa basi kutoka nyumbani. Pesa ya simu inakwenda upande mmoja na chakula upande mwingine. Wachumi kama Oded Stark wameandika juu ya jambo hili tangu miaka ya 1980, kwamba kuhama ni njia ya kaya kugawa hatari zake, lakini bibi yeyote wa Kigogo angeweza kuwaeleza hivyohivyo.

Kisanduku kinachoniumiza zaidi ni cha ndoa. Mwanamke akisema alikuja na mume wake, au alikuja baada ya ndoa kuvunjika, msaili anatia alama "ndoa" au "familia" na hadithi inafungwa hapo. Nimekutana na wanawake waliohama kwa sababu mume alifariki na ndugu zake wakachukua shamba. Wengine walirudishwa kwao baada ya talaka wakakuta kaka wamegawana eneo lote na hakuna pa kujenga hata kibanda. Mwanamke wa namna hiyo mji kwake ni mahali pekee ambapo anaweza kupanga chumba kwa jina lake bila mtu kumuuliza ni mke wa nani. Hiyo ni sababu ya kiuchumi, ni sababu ya kisheria, na ni sababu ya heshima, lakini takwimu zetu zinaiita ndoa. Tukiendelea kuiita hivyo, tutaendelea kudhani suala la ardhi ya wanawake vijijini halina uhusiano na msongamano wa vyumba vya kupanga mijini.

Je, wanaohama wanafanya vizuri kuliko waliobaki? Tanzania tuna bahati ya kuwa na utafiti unaojibu swali hilo vizuri kuliko nchi nyingi. Kati ya 1991 na 1994 watafiti walihoji kaya zaidi ya 900 mkoani Kagera. Mwaka 2004 waliwatafuta tena watu walewale popote walipokuwa: waliobaki kijijini, waliohamia Bukoba, Mwanza, hata waliovuka mpaka. Kathleen Beegle, Joachim De Weerdt na Stefan Dercon walipolinganisha watu waliotoka nyumba moja, waliona kwamba matumizi ya waliohama yalikua kwa pointi 36 za asilimia zaidi ya waliobaki. Hao ni watu waliokula chungu kimoja, hivyo huwezi kusema tofauti imeletwa na utajiri wa wazazi.

Uchambuzi wa baadaye wa takwimu hizohizo, uliowafuata hadi 2010, ulitoa jambo ninalolipenda zaidi. Karibu nusu ya waliotoka kwenye umaskini walitoka kwa kuacha kilimo na kuingia shughuli nyingine vijijini au kwenye miji midogo. Waliotoka kwa kwenda jiji kubwa walikuwa mmoja tu kati ya saba. Jiji kubwa lilimpandisha mtu haraka zaidi, lakini mji mdogo uliwapandisha wengi zaidi, kwa sababu uko karibu, nauli ni ndogo, na kuna uwezekano mkubwa wa kumkuta ndugu.

Sasa tuje Dodoma yenyewe, maana ni mji ambao watu walihamishiwa kwa amri, na kwa hiyo unatufundisha amri inaweza nini. TANU iliamua mwaka 1973 makao makuu yahamie Dodoma, na Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA, ikaundwa kusimamia ujenzi. Kwa zaidi ya miaka arobaini wizara zilibaki Dar es Salaam. Viongozi walikuja kwenye vikao vya Bunge, wakilala hotelini, wakaondoka. Chuo Kikuu cha Dodoma kilichoanzishwa 2007 kilileta wanafunzi kwa maelfu, na nadhani ndicho kilichowafundisha wenye nyumba wa mji huu kujenga vyumba vya kupangisha. Kisha Julai 2016 Rais Magufuli akatangaza kwamba serikali inahamia. Waziri Mkuu alifika Septemba mwaka huohuo, Dodoma ikawa jiji Aprili 2018, na wizara zikahamia Mtumba, eneo la ofisi za serikali jijini hapo, mwaka 2019.

Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 katika Manispaa ya Dodoma. Sensa ya 2022 ilihesabu 765,179. Ongezeko hilo la asilimia 86 haliwezi kuwa la watumishi wa umma peke yao. Watumishi walikuja na barua ya uhamisho. Mama lishe wa Ihumwa, fundi aluminiamu wa Nzuguni, dereva wa bodaboda na walimu wa shule binafsi hawakuandikiwa barua na mtu. Walisikia kutoka kwa aliyetangulia.

Tena baadhi ya walioandikiwa barua hawajahama kwa maana kamili. Wanaishi Dodoma Jumatatu hadi Ijumaa, na mke au mume yuko Dar es Salaam na kazi yake, watoto wako shule waliyoizoea, na nyumba ya Kimara ina mkopo wa benki. Tangu treni ya umeme ianze kufika Dodoma katikati ya 2024, safari iliyokuwa inakula siku nzima kwa basi inaweza kumalizika chini ya saa nne. Wengi wanasema treni itaijaza Dodoma. Mimi naona kwa familia hizi itafanya kinyume: itawapa nafasi ya kuendelea kuwa na mguu mmoja Dodoma na mwingine Dar es Salaam kwa miaka mingi zaidi, na sina sababu ya kuwalaumu.

Huku nyuma Dar es Salaam imefanya jambo ambalo halijadiliwi vya kutosha. Mkoa huo ulikuwa na watu 4,364,541 mwaka 2012 na 5,383,728 mwaka 2022, ongezeko la asilimia 23. Nchi nzima iliongezeka kwa asilimia 37. Yaani Dar es Salaam imekua polepole kuliko Tanzania. Lakini jirani yake, Mkoa wa Pwani, umetoka 1,098,668 hadi 2,024,947, karibu mara mbili. Watu wamevuka mstari wa ramani kwenda Kibaha, Vikindu na Mapinga, ambako mshahara wa kawaida unaweza kununua kiwanja. Asubuhi wanarudi jijini kufanya kazi. Ukiwauliza kwa nini wamehama, hawatakutajia kazi, maana kazi yao haijabadilika. Watakwambia wamechoka kulipa kodi ya nyumba na wanataka watoto wawe na pa kuzikia wazazi wao. E. G. Ravenstein aliandika mwaka 1885, kwa takwimu za Uingereza, kwamba wahamaji wengi huenda mwendo mfupi, na hapa bado yuko sahihi.

Kwa sababu hiyo mimi sasa natazama zaidi miji kama Kahama, Katoro na Tunduma kuliko majiji. Katoro imejaa wachimbaji wa dhahabu na wafanyabiashara waliowafuata. Tunduma inaishi kwa malori yanayosubiri kuingia Zambia. Kahama ina mpunga, dhahabu na barabara ya Rwanda na Burundi. Kila mmoja wa miji hiyo tayari una wenyeji wa kutosha wa kupiga simu nyumbani. Halmashauri zake zinapaswa kupima viwanja na kutenga njia za maji sasa, wakati ekari moja bado ina bei ya shamba, kwa sababu nyumba zikishatangulia, kupitisha bomba kunamaanisha kuvunja ukuta wa mtu na kumlipa fidia ambayo halmashauri haina.