Aurora za Mshtarii hazisubiri upepo wa Jua

Wengi tumezoea kusikia kwamba aurora, ile mianga inayocheza angani karibu na ncha za sayari, huletwa na upepo wa Jua, yaani mkondo wa chembe zenye chaji unaotoka kwenye Jua. Kwa Dunia maelezo hayo yanatosha kwa kiasi kikubwa. Kosa ni kuyahamishia Mshtarii yalivyo.

Huko chanzo kikuu ni Io, mwezi wa sayari hiyo unaoongoza kwa volkeno katika mfumo mzima wa Jua. Kila sekunde, takriban tani moja ya gesi zenye salfa na oksijeni hutoka Io, kisha hugeuka chembe zenye chaji. Mshtarii hujizungusha kwa muda usiofika saa 10, na uga wake wa sumaku huzikokota chembe hizo. Hapo huzaliwa mikondo mikubwa ya umeme, na elektroni hurushwa kuelekea kwenye ncha. Zikigonga haidrojeni ya angahewa, haidrojeni hung'aa, hasa kwa mwanga wa urujuanimno ambao macho yetu hayauoni.

Ndiyo maana aurora hizo hazizimiki hata Jua likitulia. Io yenyewe huacha doa linalong'aa kwenye angahewa ya Mshtarii, nalo huufuata mwezi huo unavyozunguka.

Chombo cha anga cha Juno, kilichofika huko mwaka 2016, kilipima tofauti za umeme zinazofikia volti 400,000, ambazo huzisukuma elektroni upande mmoja. Lakini kilichowashangaza wanasayansi, na kwangu ndicho kitamu zaidi, ni kwamba aurora kali kuliko zote mara nyingi hazitokani na msukumo huo ulionyooka, bali na vurugu inayozirusha elektroni kwenda juu na chini kwa pamoja. Upepo wa Jua una mchango wake pia: ukiubana uga wa sumaku, mwanga huongezeka.