Je, wajua? Kwa nini Galveston ilivunja baraza la madiwani, kisha ikauinua mji kwa jeki

Galveston ni mji wa bandari huko Texas, Marekani, uliojengwa juu ya kisiwa chembamba cha mchanga kinachotazamana na Ghuba ya Meksiko. Mwaka 1900 ulikuwa na wakazi 37,789, na pamba nyingi ya Texas ilipita hapo kwenda ng'ambo. Tatizo lake lilikuwa moja: mahali pa juu kabisa pa mji hapakufika hata mita 3 kutoka usawa wa bahari. Tarehe 8 Septemba mwaka huo kimbunga kilipandisha bahari kwa zaidi ya mita 4.5, maji yakakifunika kisiwa. Waliokufa mjini wanakadiriwa kuwa kati ya 6,000 na 8,000. Nyumba zipatazo 3,600 zilibomoka.

Miaka kumi na moja baadaye mji ulikuwa na ukuta wa zege wa kuzuia bahari, na mitaa 500 imejazwa mchanga, mingine kwa kimo cha zaidi ya mita 3. Je, mji uliokuwa umefilisika ulipata wapi ubavu wa kufanya hayo?

Tuanze na ofisi ya mji, maana huko ndiko kazi ilikoanzia. Kwa miaka mingi Galveston iliongozwa na meya na madiwani wa kata. Diwani wa kata hupigania barabara ya kata yake, taa za kata yake na ajira za watu wake; hesabu ya jumla haina mwenyewe. Hata kabla ya kimbunga mji ulikuwa ukikopa ili kuziba mapengo ya matumizi ya kawaida. Baada ya kimbunga hali ikawa mbaya zaidi, kwa sababu kodi ilitozwa kwa thamani ya mali, na mali yenyewe ilikuwa imechukuliwa na maji.

Hapo wakaingia matajiri wa bandari. Walikuwa na kamati yao iliyoundwa miaka ya 1880 kudai fedha za serikali kuu za kuongeza kina cha lango la bandari, na walizipata, kwa hiyo mlango wa kugonga waliujua. Walipeleka kwenye bunge la jimbo katiba mpya ya mji, ikapitishwa mwaka 1901. Baraza likaondolewa, nafasi yake ikachukuliwa na watu watano tu: meya aliyekuwa mwenyekiti, na makamishna wanne. Mmoja alishika fedha, mmoja polisi na zimamoto, mmoja maji safi na majitaka, mmoja barabara na mali za mji. Meya alilipwa dola 2,000 kwa mwaka, kamishna dola 1,200.

Utaratibu wao ulikuwa hivi. Wakikaa pamoja, hao watano walikuwa ndio watunga sheria: walipiga kura juu ya bajeti, mikataba na sheria ndogo. Wakitoka kikaoni, kila mmoja alikuwa msimamizi wa idara yake. Bomba likipasuka, mtu wa kuulizwa alijulikana kwa jina. Kamishna wa fedha, Isaac Kempner, aliyetoka katika familia ya wafanyabiashara wa pamba na benki, alikwenda kuzungumza na wadai wa mji ili wapunguze riba.

Lakini kuna upande ambao wasifiaji wa mpango huu huupita haraka. Mwanzoni makamishna watatu kati ya watano waliteuliwa na gavana. Wananchi walichagua wawili tu. Mahakama ilisema mwaka 1903 kwamba hilo linakiuka katiba, na tangu hapo wote watano wakachaguliwa. Hata hivyo walichaguliwa na mji mzima, si kwa kata, na mabadiliko hayo yalikuwa yameanza tangu 1895. Miaka ya 1880 Wright Cuney, kiongozi Mweusi aliyewapatia Weusi kazi ya kupakia na kupakua shehena bandarini, aliweza kuwa diwani kwa sababu kata yake ilimpa kura. Katika uchaguzi wa mji mzima kura za Weusi zilimezwa na kura za Wazungu, na mwaka 1902 Texas ikaongeza kodi ya kupiga kura. Mfumo uliosifiwa kwa kuharakisha mambo ulikuwa pia umewafungia watu mlango.

Mwishoni mwa 1901 makamishna waliwaita wahandisi watatu: Henry M. Robert, Alfred Noble na H. C. Ripley. Robert ndiye yule mwanajeshi aliyetunga, mwaka 1876, kanuni za kuendesha mikutano ambazo Wamarekani wanazitumia mpaka leo. Ripoti yao ilitoka Januari 1902: jengeni ukuta, kisha inueni ardhi nyuma yake, kwa sababu ukuta peke yake ukirukwa na mawimbi utageuka beseni la kushikilia maji mjini.

Ujanja mkubwa ulikuwa katika kugawana bili. Ukuta ulibebwa na wilaya, iliyouza hatifungani (hati za mkopo) za dola milioni 1.5, na wakazi wenyewe walizinunua kwa wingi kwa kuwa wawekezaji wa nje walisita. Kujaza mchanga kulisimamiwa na bodi ya watu watatu, na jimbo likaachia kodi zake za eneo hilo kwa miaka kadhaa zilipie deni. Kuinua nyumba? Hilo likaachwa kwa mwenye nyumba, kwa mfuko wake.

Kazi ya ukuta ilianza Oktoba 1902 na kwisha Julai 1904. Kwa kuwa chini ni mchanga mtupu, walianza kwa kupigilia magogo marefu hadi kwenye tabaka la udongo mgumu, wakaongeza mbao zilizobanana upande wa bahari ili mawimbi yasichimbue mchanga chini ya msingi. Juu yake walimwaga zege lenye nondo: upana wa mita 4.9 chini, mita 1.5 juu, kimo mita 5.2. Uso wa kuelekea baharini una mbinuko wa kuingia ndani, ili wimbi likipiga litupwe juu na kurudi lilikotoka. Mbele wakamwaga mawe makubwa ya matale. Zege lilimwagwa kwa vipande vya mita 18 kwa kuruka kimoja, na mapengo yakajazwa vile vya kwanza vilipokwisha kukauka. Urefu wote ulikuwa kilomita 5.4 hivi.

Kazi ya mchanga ilikuwa na usumbufu zaidi. Mchanga ulitakiwa utoke mlangoni mwa bandari, mji uko katikati, na kuubeba kwa mikokoteni kusingewezekana. Mkandarasi alichimba mfereji ndani ya mji wenyewe, upana mita 60, kina mita 6, na nyumba kama 350 zilizokuwa njiani zikasogezwa kando. Meli za kufyonza mchanga zilijaza matumbo yao mlangoni mwa bandari, zikaingia mferejini, kisha zikasukuma mchanganyiko wa mchanga na maji kwa mabomba hadi kwenye eneo lililozungushiwa tuta, karibu mita 400 kila upande. Maji yakatiririka kurudi, mchanga ukabaki. Ardhi ilipangwa iwe juu zaidi karibu na ukuta, kisha ishuke taratibu kuelekea upande wa pili wa kisiwa, kama sentimita 30 kwa kila mita 450, ili maji ya mvua yaende yenyewe.

Kabla tope halijaingia, kila kitu katika eneo hilo kilipaswa kupanda: mabomba ya maji na gesi, reli za tramu, mabomba ya zimamoto, na majengo 2,156. Nyumba ya mbao haikuwa na shida sana. Unakata mabomba, unapitisha boriti chini ya sakafu, unaweka jeki za parafujo kila kona na katikati, na mafundi wanazungusha wote kwa pamoja kwa ishara moja, kidogo kidogo, huku vipande vya mbao vikipangwa chini ili nyumba isirudi. Mmoja akitangulia, sakafu inapinda na kuta zinapata nyufa. Kanisa la St. Patrick, lenye uzito wa tani 3,000, liliinuliwa mita 1.5 kwa jeki 700. Wenye majengo ya matofali mara nyingine walichagua kupoteza ghorofa ya chini: katika jumba la Ashton Villa vyumba vya chini vilijazwa mchanga na uzio wa chuma ukazikwa sehemu.

Kwa miaka saba watu walipita juu ya vivuko vya mbao, tope likinuka chini yao. Maji ya chumvi yaliua bustani na miti yote iliyofukiwa, na chama cha akina mama wa mji kikapanda upya, miti kama 10,000 na mioleanda (vichaka vya maua) 2,500 kufikia 1912. Kiasi kilichopita mabombani kilizidi mita za ujazo milioni 12. Ufukwe mbele ya ukuta nao ukaanza kuliwa, kwa sababu wimbi linalorudishwa na zege hubeba mchanga. Mawe yameongezwa hapo mara nyingi.

Agosti 1915 kikaja kimbunga chenye nguvu karibu sawa na kile cha 1900. Nyuma ya ukuta walikufa watu wasiofika 15.

Sifa hizo zikaibeba na serikali ya makamishna. Houston iliiga mwaka 1905, Des Moines 1907, na katika miaka kumi iliyofuata miji mamia. Kasoro yake ilijitokeza siku zisizo za dharura: kamishna anayetunga bajeti ndiye anayeitumia, hakuna wa kumkagua, na rahisi ni kuambiana “pitisha yangu nipitishe yako”. Miji mingi ikahamia kwenye baraza linaloajiri meneja mtaalamu. Galveston yenyewe ilifanya hivyo mwaka 1960.