Dini na Pombe: Maswali ya Waumini na Familia Zao

Ni kweli watu wa dini hunywa kidogo?

Kwa wastani, ndiyo. Tafiti za miongo kadhaa zinaelekea upande mmoja: anayehudhuria ibada mara kwa mara ana uwezekano mdogo wa kunywa, na hata akinywa, ni nadra kulewa chakari. Kwa vijana jambo hili huonekana wazi zaidi, kwa sababu anayechelewa kuonja pombe huwa na hatari ndogo ya kuitegemea akiwa mtu mzima.

Ila kujua tu kwamba mtu ana dini hakukuambii mengi kuhusu glasi yake. Yanayoeleza zaidi ni mawili: anahudhuria mara ngapi, na dini yake inasemaje kuhusu pombe. Uislamu umeiharamisha (Surat al-Maida, aya ya 90). Waadventista Wasabato, Wamormoni na askari wa Jeshi la Wokovu wanatakiwa wasiiguse kabisa. Wakatoliki, Waanglikana na Wayahudi hukemea ulevi, si kinywaji chenyewe, na divai imo ndani ya ibada zao. Kuyaweka makundi haya kwenye kapu moja na kutafuta "athari ya dini" ni kujichanganya.

Dini inamzuiaje mtu asinywe?

Kwanza kabisa, kwa watu wanaomzunguka. Mwenye kwaya Jumamosi jioni au darsa baada ya Isha hana nafasi ya kukaa kwenye meza ya vinywaji, na marafiki zake wengi nao hawanywi. Pia kuna macho: akikosekana wiki mbili, mtu atapiga simu. Katazo lenyewe husaidia zaidi pale mhusika anapoliamini moyoni. Akilifuata kwa kuogopa wazazi tu, mara nyingi linaisha siku anapohama nyumbani.

Tukumbuke pia kwamba mambo huenda kinyume. Pombe ikizidi, mtu huanza kukosa ibada, kwa hangova au kwa aibu. Kwa hiyo sehemu ya tofauti tunayoiona inatokana na wanywaji kuondoka, wala si ibada kuwaponya waliobaki.

Mbona basi kuna waumini wanaokunywa sana?

Wapo, na unywaji wao una sura yake. Anayejificha hunywa haraka, peke yake, mara nyingi pombe kali kwa sababu chupa yake ni ndogo na haichukui nafasi, tena bila kula. Hajawahi kuona nyumbani mtu akinywa glasi moja na kuacha, hivyo kipimo chake ni chupa kuisha. Akishateleza mara moja huona ameshaharibu, basi bora amalizie. Wataalamu wa uraibu wanaijua sana hali hii: kinachomwangusha zaidi ni hukumu anayojipa mwenyewe baada ya glasi ya kwanza.

Huyu pia huchelewa kupata msaada. Mhudumu wa afya akiona kanzu au rozari, anaruka swali la pombe. Asiruke. Kila mgonjwa aulizwe kwa sauti ileile ya kawaida anayoulizwa kuhusu sigara.

Nitajuaje kama nimezidisha?

Anza na hesabu. Chukua mililita za kinywaji, zidisha kwa asilimia iliyoandikwa kwenye chupa, gawa kwa 100, kisha zidisha kwa 0.8. Bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina gramu 20 za kileo. Kipimo kimoja kinachotumiwa na Shirika la Afya Duniani ni gramu 10, kwa hiyo bia hiyo moja ni vipimo viwili. Toti ya mililita 30 ya pombe ya asilimia 40 inakaribia kipimo kimoja. Glasi ya divai ya mililita 150, asilimia 12, inakaribia kimoja na nusu.

Kisha jibu maswali matatu ya mwanzo ya AUDIT, dodoso la kupima unywaji la shirika hilohilo, na ujumlishe alama.

Unakunywa mara ngapi? Kamwe 0, mara moja kwa mwezi au pungufu 1, mara 2 hadi 4 kwa mwezi 2, mara 2 au 3 kwa wiki 3, mara 4 au zaidi kwa wiki 4.

Siku ya kunywa, unakunywa vipimo vingapi? Kimoja au viwili 0. 3–4 alama 1. 5–6 alama 2. 7–9 alama 3. 10 na zaidi alama 4.

Ni mara ngapi unafikisha vipimo 6 au zaidi kwa mkupuo? Kamwe 0, chini ya mara moja kwa mwezi 1, kila mwezi 2, kila wiki 3, kila siku au karibu kila siku 4.

Jumla ya 4 kwa mwanamume, au 3 kwa mwanamke, inatosha kukupeleka kuzungumza na mhudumu wa afya. Chukua mtu anayekunywa Jumamosi tu, mara nne kwa mwezi, bia nne za mililita 500, na Jumapili asubuhi yumo kanisani. Anapata 2, 3 na 3: jumla 8. Wengi wa aina hii hujihesabu miongoni mwa wasiokunywa.

Ndugu yetu anakunywa kila siku, sasa ameweka nadhiri kuacha leo. Tumwache?

Swali hili ndilo lenye hatari kuliko yote hapa. Mwili uliozoea pombe kila siku, kwa wingi, unaweza kuasi ikikatwa ghafla. Mwanzo wa Ramadhani, Kwaresima, mfungo wa maombi au usiku wa toba ndizo nyakati ambazo watu hukata ghafla bila kumwambia daktari.

Kati ya saa 6 na 24 tangu glasi ya mwisho: mikono hutetemeka, jasho, moyo kwenda mbio, kutapika, kukosa usingizi. Kati ya saa 6 na 48: degedege linaweza kutokea, hata kwa mtu ambaye hajawahi kuwa na kifafa. Kuanzia saa 48 hadi 96: kuweweseka, homa, kuona wadudu au watu wasiokuwepo, kutojua yuko wapi. Hatua hii ya mwisho huua ikiachwa bila tiba. Bahati mbaya, huangukia siku ya pili hadi ya nne, na katikati ya mkesha wa maombi hudhaniwa ni pepo anayepigana. Mtu anafungiwa chumbani, anaombewa, anapungukiwa maji, na saa za kumwokoa zinapita. Wanaotaka kumwombea wamwombee wakiwa njiani kwenda hospitali.

Walio hatarini zaidi ni anayezimua asubuhi ili mikono itulie, aliyewahi kupata degedege au kuweweseka alipoacha zamani, na mwenye ugonjwa mwingine au utapiamlo. Hawa waende kituo cha afya kabla ya siku ya nadhiri. Kwa kawaida hupewa diazepamu au dawa ya kundi hilo, dozi ikishushwa kwa siku kadhaa chini ya uangalizi, pamoja na vitamini B1. Vitamini hiyo isichukuliwe kama nyongeza tu. Mnywaji mkubwa asiyekula vizuri huishiwa nayo, na hapo ubongo unaweza kuharibika: anachanganyikiwa, macho yanachezacheza, anayumba akitembea ingawa hajalewa.

Tiba ikiwa haijapatikana, msimwage pombe yote ya mtu wa namna hii. Kupunguza kidogo kidogo ni salama kuliko kukata ghafla. Muislamu aliye katika siku za matibabu haya ni mgonjwa, na Surat al-Baqara, aya ya 184 na 185, inamruhusu mgonjwa kufungua na kulipa siku nyingine. Amuulize daktari wake, kisha imamu wake.

Degedege likianza, mlazeni ubavu, ondoeni vitu vigumu karibu yake, msimtie chochote mdomoni, na mpelekeni hospitali hata kama ameamka na kusema yuko sawa.

Divai ya ushirika inaweza kumdhuru aliyeacha?

Anayetumia disulfiramu, dawa inayoufanya mwili uikatae pombe, asiiguse. Hata kiasi kidogo cha kileo kinaweza kumletea uso kuwaka, kutapika, moyo kwenda mbio na presha kushuka, na hatari hiyo huendelea hadi wiki mbili baada ya kidonge cha mwisho. Kwa asiyetumia dawa hiyo, ladha yenyewe inaweza kuamsha hamu. Mkatoliki anaweza kupokea mkate peke yake, na ushirika wake umekamilika. Wamethodisti wengi hutumia juisi ya zabibu isiyochachuka, desturi iliyoenea baada ya Thomas Welch kuanza kuichemsha kwenye chupa mwaka 1869. Kumwambia kiongozi wa ibada mapema kunaondoa maelezo mbele ya watu.

Maombi yanatosha, au lazima dawa?

Si lazima kuchagua. Dawa ya naltreksoni, miligramu 50 mara moja kwa siku, hupunguza hamu, na aliyefunga anaweza kuimeza wakati wa futari au daku. Asipewe anayetumia dawa za kundi la afyuni, zikiwemo baadhi ya dawa kali za maumivu. Akamprosati, dawa nyingine ya kumsaidia aliyeacha, humezwa mara tatu kwa siku, kwa hiyo mfungaji ajadili ratiba na daktari kabla mwezi haujaandama.

Vikundi vya Alcoholics Anonymous, vya watu wanaosaidiana kuacha pombe, vilivyoanza Akron, Marekani, mwaka 1935, humtaja Mungu "kwa namna tunavyomfahamu", na wasio na dini huhudhuria pia. Mapitio ya mwaka 2020 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaochambua tafiti za tiba, yalikuta kwamba programu zinazowaunganisha wagonjwa na vikundi hivyo huwasaidia kuacha kabisa, sawa au zaidi ya tiba nyingine za mazungumzo.

Kiongozi wa dini afanye nini mtu akija kukiri?

Aulize kwanza ya mwili: glasi ya mwisho ilikuwa lini, anakunywa kiasi gani kwa siku, huwa anatetemeka asubuhi, amewahi kupata degedege? Majibu ndiyo yataamua kama kikao kinaendelea au wanaondoka pamoja kwenda zahanati. Ushuhuda wa hadharani usubiri. Anayesimama mbele ya watu kutangaza ameacha, akiteleza wiki ya tatu hujificha badala ya kurudi. Imani kwamba Mungu anamwadhibu au amemtupa huenda pamoja na matokeo mabaya zaidi ya tiba, kwa hiyo mahubiri ya laana kwa mtu huyu hayafai. Afadhali apewe kazi ya jioni, saa zile alizokuwa akinywa, na mtu mmoja wa kumpigia simu usiku.